Udongo Bado Una Baridi

Mtu aliyekulia kwetu utamtambua upesi kwenye bustani za Uingereza mwezi wa tatu unapoingia. Tazama macho yake yalipo: yako juu. Anasoma mawingu na kuuliza upepo unatoka wapi, maana tangu utotoni aliambiwa kwamba msimu hushuka kutoka mbinguni. Wenyeji wa pale wameinama. Wanachota udongo, wanauminya, wanaunusa, wanautupa, kisha wanarudi kwenye vibanda vyao kunywa chai. Mvua hawaiulizii, wanayo mwaka mzima na imeshawachosha. Wanatafuta joto, na joto hilo liko chini.

Tofauti hii inapindua karibu yote ambayo mkulima wa pwani anayajua kuhusu kuanza. Kwetu kuanza ni kuwahi. Januari na Februari watu wanafyeka, wanachoma masalia, wananoa majembe. Masika yakipiga hodi, anayechelewa wiki mbili atayaona matokeo yake wakati wa mavuno, na hatakuwa na wa kumlaumu. Wako wasiosubiri hata tone la kwanza: huko Dodoma kuna utaratibu wa kale wa kuberega, mtu anatia mbegu kwenye ardhi kavu isiyokatuliwa, akitumaini kwamba mvua itamkuta tayari. Katika mazingira kama hayo, subira inafanana sana na uvivu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa mkulima anayetegemea mvua ya wiki chache hiyo ni hesabu ya ghala kabla ya kuwa methali.

Sasa mchukue mkulima huyohuyo umpeleke Leicester au Leeds katikati ya Machi. Asubuhi jua limetoka, anga ni safi, ndege wanapiga kelele kama wamelipwa, na maua ya manjano yamesimama kandokando ya barabara. Mikono inamwasha. Kila alichofundishwa kinamwambia msimu umefika na yeye amechelewa. Naye akizitia ardhini mbegu zake za mchicha, bamia na maharage siku hiyo, nyingi zitaoza.

Sababu ni kwamba nuru na joto haviji pamoja. Dar es Salaam mtu anaweza kuishi miaka sabini bila kulijua jambo hili, kwa sababu urefu wa mchana wa Juni na ule wa Desemba pale hautofautiani hata kwa saa nzima. London mchana wa tarehe 21 Desemba haufiki saa nane. Katikati ya Februari umefika saa kumi, karibu na tarehe 20 Machi umefika kumi na mbili, na wakati huo kila siku inaongezeka kwa dakika nne hivi. (Saa yetu ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza, huchanganyikiwa kabisa huko: saa moja asubuhi ya Desemba ni giza tupu.) Kwa hiyo jicho linaona mwezi wa tatu umejaa mwanga na linatangaza sikukuu. Lakini udongo umekunywa maji tangu Oktoba, na maji ni mazito kupasha moto. Mfinyanzi uliolowa unaweza kubaki na baridi yake wiki kadhaa baada ya hewa kuwa ya kupendeza. Ule wa kichanga huwahi kidogo, na matuta yaliyoinuliwa, kwa kuwa hujichuja maji, huwahi zaidi.

Mbegu haina macho ya kuona jua hilo. Inapima joto la pale ilipolala. Njegere na spinachi huanza kujishughulisha udongo ukiwa na nyuzijoto 5 hivi, ingawa polepole. Viazi mviringo vinataka 7 au 8. Mahindi yanadai 10 angalau, maharage 12, na mchicha na bamia ni watoto wa joto kabisa: chini ya 18 hawana haraka na mtu. Ikikosa kiwango chake, mbegu haikai tu ikisubiri kwa adabu. Inafyonza maji, inavimba, ganda linalainika, halafu inashindwa kuendelea. Vimelea vya ukungu vinavyoweza kufanya kazi kwenye baridi havishindwi, vinaikuta imeshafunguka na kuila. Ndiyo maana mtu akifukua baada ya wiki tatu hakuti kitu, akaenda kumlaumu muuza mbegu.

Kuna masimulizi ya wakulima wa zamani wa Kiingereza ambao, kabla ya kupanda shayiri, walivua suruali na kuketi shambani makalio wazi. Ukiweza kuketi bila kuruka, panda. Siwezi kuapa kwamba kila anayesimulia habari hiyo aliishuhudia, ila kipimo chenyewe hakina kasoro, kwani ngozi isiyozoea upepo haidanganyiki kirahisi. Siku hizi watu hutumia kiwiko au mgongo wa kiganja, na wenye pesa hununua kipimajoto cha kuchomeka ardhini. Kipimo cha bure na cha heshima zaidi ni magugu. Magugu ni wenyeji, yana uzoefu wa maelfu ya misimu, na hayasomi kalenda. Kipande ulichokisafisha kikianza kujaa vichipukizi vidogo usivyovipanda, jua ardhi imeamka. Kwetu gugu ni adui tangu siku ya kwanza. Mwezi wa tatu wa Ulaya, gugu ni mjumbe, na linastahili kusomwa kabla ya kung'olewa.

Wengi wa watu wetu waliotulia katika miji ya Uingereza hawana uwanja wa maana nyuma ya nyumba. Wanalima kwenye vipande ambavyo halmashauri za miji hukodisha kwa wakazi, utaratibu uliotiwa nguvu na sheria ya mwaka 1908. Kipimo cha kawaida cha kipande kimoja ni karibu mita za mraba 250. Wakati wa vita kuu ya pili vipande hivi vilizidi milioni moja; bustani za starehe ziligeuzwa mashamba, na hata handaki lililokauka linalouzunguka Mnara wa London lilipandwa mboga. Leo katika maeneo mengi mtu huandikisha jina na kusubiri miaka. Kwa hiyo anayekabidhiwa ufunguo wa geti mwezi wa pili au wa tatu huwa ameshasubiri vya kutosha, na kumwambia asubiri tena ni kumtonesha kidonda.

Jirani yangu katika eneo kama hilo ni bibi mmoja mzaliwa wa Pemba, anayevaa mabuti ya mpira na kanga juu ya koti. Asubuhi moja ya Machi nilimkuta amesimama na sepeto lake akimtazama kijana wa kipande cha tatu aliyekuwa akichimba kwa nguvu zote, jasho linamtoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu mwone mwenzio yule. Yule hapandi, anazika."

Akainama, akachota udongo, akauminya. Alipofungua kiganja, donge lilikuwa limekaa zima, na alama za vidole vyake vinne zimechapika juu yake, mpaka mkunjo wa kifundo unaonekana. Akaligusa kwa kidole gumba. Halikuvunjika, lilibonyea tu na kung'aa pale lilipoguswa.

"Huu ni wa kufinyangia chungu," alisema. "Siku ukiuminya ukamwagika wenyewe, njoo na jembe lako."

Nimesoma mengi kuhusu maandalizi ya ardhi katika nchi za baridi na sijakuta maelezo yaliyo bora kuliko hayo. Udongo wa mfinyanzi ukikanyagwa na kukatuliwa ukiwa chepechepe, matundu madogo yanayopitisha hewa na maji hufungika, nao ukikauka hugeuka matofali. Madhara ya asubuhi moja ya bidii yanaweza kumsumbua mkulima mwaka mzima. Ndiyo sababu ya ile chai kibandani. Mtu aliyeketi na kikombe chake akitazama shamba lake bila kuligusa anafanya kazi, na mgeni asimdharau.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema jembe liachwe kabisa. Charles Dowding, mtunza bustani wa Somerset, amepata wafuasi wengi kwa kufundisha kilimo cha kutokatua ardhi: unatandaza maboksi juu ya majani, unamwaga mboji juu yake, unapanda humo, na minyoo inafanya mengine. Ninapoiona shauku ya wafuasi hao huwakumbuka wakulima wa Dodoma, ambao kutokatua kwao huhesabiwa kuwa ni kilimo cha kizamani. Si kitu kimoja, nakubali. Yule ana mboji tele na huyu ana ardhi kavu iliyo wazi. Lakini inafaa kukumbuka kwamba kutokatua hakukuzaliwa Somerset.

Asiyeweza kabisa kuzuia mikono yake ana dirisha. Nyumba nyingi za watu wetu huko, ukiingia mwezi wa tatu, utakuta kingo za madirisha zimejaa vikombe vya mtindi vyenye udongo, na miche ya nyanya na pilipili imeegemea kioo. Hapo kuna hila nyingine. Ndani joto lipo, tena la kuzidi, maana kipasha joto kiko chini ya dirisha. Nuru ndiyo haitoshi. Miche hurefuka, hupauka na kulegea shingo, ikiukimbilia mwanga usioifikia. Ukizidisha maji, kinyausi kinaingia: mche ulikuwa mzima jioni, asubuhi umelala, shina limenywea pale linapokutana na udongo kama uzi uliobanwa. Dawa yake kubwa ni kupunguza: maji kidogo, mbegu chache, hewa ipite, vikombe vigeuzwe kila siku ili upande mmoja usijipendelee. Mtu akiipitishia miche kiganja taratibu mara kadhaa kwa siku, mashina hukomaa na kuwa mafupi, kana kwamba yamepigwa na upepo. Kisha, siku za kuitoa zikifika, inapelekwa nje mchana na kurudishwa ndani usiku kwa wiki moja hadi mbili. Anayeiruka hatua hiyo atakuta majani yamebabuka na kuwa meupe, kwa sababu jua la nje na jua la kupitia kioo ni vitu viwili.

Watu wa nchi hizo walijua zamani kwamba macho na hamu vitawaponza, wakajiwekea tarehe. Waingereza wana desturi ya kupanda viazi Ijumaa Kuu, baada ya kuvichipuza kwenye trei za mayai karibu na dirisha, macho yake yakielekea juu. Ukiitazama kwa akili ya ardhi, desturi hiyo ina walakini: Ijumaa Kuu huangukia popote kati ya tarehe 20 Machi na 23 Aprili, na zaidi ya mwezi mmoja ni tofauti kubwa kwa kiazi. Wajerumani ni makini zaidi. Wanazo siku za watakatifu wa baridi, kuanzia tarehe 11 hadi 15 Mei, na mkulima wa jadi hatoi nyanya yake nje kabla ya Sofia wa tarehe 15 kupita, kwa kuhofia jalidi ya mwisho. Sisi wa pwani tusione ajabu. Mwaka wa Kiislamu unazunguka, Ramadhani ya leo haitakuwa kwenye mvua ileile baada ya miaka kumi, kwa hiyo wazee wetu walishika mwaka wa jua pembeni, wakaanza kuhesabu kutoka Nairuzi, miongo kwa miongo, siku kumi kumi, ili wajue lini kupanda na lini kutweka tanga. Mkulima popote alipo anahitaji kitu nje ya nafsi yake kimwambie sasa, au kimwambie bado.

Kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba baridi yenyewe ina kazi. Tunaizungumza kama kizuizi, mlango uliofungwa ambao tunasubiri ufunguliwe. Lakini kitunguu saumu kinachopandwa kwenye vuli ya Ulaya kinauhitaji ule msimu wa baridi. Bila huo mara nyingi hukua kikawa donge moja lisilogawanyika punje. Mtufaha nao huhesabu. Ndani ya matumba yake yaliyofungwa kuna kumbukumbu ya saa za baridi ulizopitia, na hesabu isipotimia, mti huchanua vibaya au kwa mafungu. Ndiyo maana kwetu matufaha hukubali Lushoto na Njombe na kukataa Tanga mjini. Baridi ikishatimia, mti hauwi tena na breki: unangoja joto tu, na joto lolote litauamsha, liwe la kweli au la uongo.

Mwisho wa Machi 2021 Ufaransa ilipata siku za joto lisilo la kawaida. Mizabibu na miti ya matunda ilifungua vichipukizi. Wiki iliyofuata, mwanzoni mwa Aprili, jalidi ilishuka usiku baada ya usiku. Wakulima waliwasha mishumaa mikubwa na mioto kati ya mistari ya mizabibu, mabonde mazima yakawaka, na bado sehemu kubwa ya mazao ilipotea. Miti iliyozaliwa pale, yenye hesabu ya baridi ndani ya mwili wake, ilidanganywa na wiki moja ya jua. Aliyetoka Mtwara akadanganywa na siku moja asijione mjinga.

Tena udanganyifu huo unaongezeka. Huko Norfolk, mwaka 1736, mwenye shamba mmoja aitwaye Robert Marsham alianza kuandika dalili za majira ya kuchipua: lini ua fulani limetoka, lini vyura wameanza kulia, lini mwaloni umetoa jani, lini mbayuwayu wamerudi. Aliandika mpaka kifo chake mwaka 1797, kisha watoto na vitukuu wakaendelea mpaka mwaka 1958. Hakuna aliyemlipa. Leo daftari za ukoo huo ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu zaidi za aina yake, na wataalamu huzitumia kuonyesha jinsi miti inavyochipua mapema hali ya hewa inapopata joto. Jalidi za mwisho, hata hivyo, hazina mapatano na miti. Bado zinaweza kuja Aprili na hata Mei. Pengo hilo, kati ya jani lililowahi na baridi iliyochelewa, ndilo linalowaogofya wakulima wa matunda wa Ulaya kuliko theluji ya Januari.

Nikitazama mambo haya yote, naona kuna jambo la kuchekesha kuhusu mboga zetu. Sukuma wiki, ambayo Nairobi nzima inaihesabu kuwa yake, ni ya ukoo wa kabichi, na jamaa zake wa porini bado huota kwenye majabali meupe ya pwani ya kusini mwa Uingereza, wakipigwa na upepo wa chumvi. Haiogopi jalidi, ikipigwa nayo hugeuza wanga wake kuwa sukari na kuwa tamu zaidi. Mama aliyetoka Kisumu akiipanda Machi, iko nyumbani kwao kuliko yeye. Mchicha ndio mgeni kamili. Yule bibi wa Pemba huhifadhi mbegu zake kutoka mwaka hadi mwaka ndani ya bahasha, nyeusi na ndogo kama baruti, na wanaomjua hawamwombi kabla ya wakati kwa sababu hawapi. Bahasha inatoka mwezi wa tano ukiwa unaisha, magugu yakiwa yameshajaa, udongo ukiwa unamwagika wenyewe. Akipanda hivyo, anachuma Julai na anamgawia hata yule kijana wa kipande cha tatu.

Kwa hiyo wewe uliyekabidhiwa ufunguo wako mwaka huu na huna la kufanya na mikono yako, yapo ya kufanya. Ondoa magugu ya kudumu mizizi yake ikiwa bado inaonekana. Tandaza mboji na usikanyage juu yake. Weka ubao wa kupitia. Panda njegere na figili udongo ukikubali kumwagika, na sukuma wiki kwenye kitalu. Chipuza viazi dirishani. Kitunguu saumu, kama hukupanda vuli iliyopita, kiachie vuli ijayo. Nyanya zibaki ndani mpaka katikati ya Mei, na kaskazini zaidi mpaka Juni. Na bamia, nakuomba, usihangaike nayo nje kabisa isipokuwa una nyumba ya vioo. Majira ya joto ya Uingereza hayaitoshi.